Ruhusa ya Bi Zahra

Rayners Lane, London
20 Novemba 1994

Ndugu yangu Msabaha,

Barua yako ya mwanzo imefika jana, imechanika pembeni, na Mama kaishika mkononi kutwa nzima kabla hajaniachia niifungue. Ati alikuwa anaipima uzito. Nikamwambia Mama, mwanao si pakiti ya sukari, hebu nipe niisome. Basi nimemsomea mara tatu, na kila nikifika pale uliposema umekonda ananisimamisha, anataka nimwambie umekonda wapi, usoni au mwilini. Siku nyengine ukikonda andika vizuri.

Nyumba imepoa tangu uondoke. Mwanangu Musab kila akitoka skuli anauliza mjomba anarudi lini, kwa Kiingereza chake hicho. Nikimjibu kwa Kiswahili anafahamu vizuri sana, lakini mdomo haufunguki. Mimi bado nipo ofisi ya nyumba za kaunsili, nachapa barua za kuwakatalia watu nyumba. Jirani yetu Bharti anakusalimu. Anasema yeye aliondoka Kampala mzima, akapita Karachi wiki moja tu akaumwa kwa maji ya bomba, kwa hiyo uyachemshe.

Sasa sikiliza, maana Mama kanikalia hapa mbele na tasbihi yake, haniachi mpaka niliandike hili. Anasema umkumbushe Maulana Ziaul Kabir ahadi yake. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa mkalimani siku ile jikoni. Ramadhani ile aliyokuja London kuwachangia wakimbizi wenziwe wa Arakan kule Burma, akalala chumbani kwako mwezi mzima, Mama alimpenda, humwambii kitu. Anamsikiliza akisoma Kurani huku machozi yanamtoka, na mkate wa mimina anampikia yeye kwanza, sisi baadaye. Lakini Mama si mjinga. Anajua Maulana kabla ya kusomesha alikuwa mpiganaji Afghanistan, na anajua wanafunzi wake wengine huwapeleka mpakani kwao wakapigane na jeshi la Burma. Ndiyo akamwambia: "Mwanangu nakupa akasome. Maadamu mimi ni hai, haendi penye bunduki mpaka niseme ndiyo mwenyewe." Na Maulana akaweka mkono kifuani akakubali. Mama anasema hajasahau, na yeye asisahau.

Vaa soksi. Hayo ni yangu.

Dada yako,
Mardhiya


Karachi
9 Januari 1995

Mama yangu mpenzi, na Da Mardhiya msomaji wake,

Nakubusu mikono, Mama, na huo mguu wenye kidonda nao naubusu. Sijakonda. Yaani nimekonda kidogo, mwilini.

Madrasa yetu ipo katika mtaa wa Warohingya, watu wa kwao Maulana. Vyumba vya matofali bila ya lipu, watoto mia na zaidi, na sauti ya kusoma haikatiki tangu alfajiri. Wasemao Kiswahili ni wawili tu, mimi na kijana mmoja wa Mombasa anaitwa Sufian. Tunapika wali pamoja na kugombana nani kauunguza.

Juzi Maulana alitusimulia habari zake, nami nakuandikia kwa sababu najua utataka kuzijua. Kazaliwa kijiji cha karibu na Maungdaw, huko huko Arakan, baba yake imamu. Mwaka wa sabini na nane, yeye ana miaka kumi na tisa, wanajeshi walikuja kukagua vitambulisho. Asiyekuwa nacho anapigwa, na aliyekuwa nacho kinachanwa, kisha naye anapigwa. Watu wakakimbilia mto Naf wavuke kwenda Bangladesh. Mama yake alikuwa na goti bovu. Akamwambia tangulia na mdogo wako, mimi nakuja nyuma na shangazi yako. Maulana akavuka, akakaa ukingoni siku kumi na moja akimsubiri. Hakuja. Mdogo wake akafa kambini kwa kuharisha. Ndipo akaja Karachi, akahifadhi Kurani, kisha akaingia vitani Afghanistan. Anasema hakwenda kule kutafuta ushujaa, alikwenda kujifunza namna ya kurudi kumchukua mama yake. Mpaka leo hajafika tena kijijini kwao.

Mama, usiku ule sikulala. Miaka yote London nimepanga makopo katika maduka, leo nakaa na mtu aliyepitia haya, na bado nipange makopo? Wanafunzi sita wa darasa letu wanakwenda mpakani baada ya Ramadhani. Nimemwambia Maulana nami nitie. Hakunijibu ila neno moja: "Barua ya mama yako iko wapi?" Kila mwanafunzi humuuliza hivyo hivyo, wakubwa wengine wanamcheka pembeni, lakini yeye habadiliki.

Basi nakuomba ruhusa, Mama. Sema ndiyo.

Mwanao,
Msabaha


Rayners Lane
2 Februari 1995

Msabaha,

Mkono ni wa Mardhiya lakini maneno ni ya Mama. Nayatia kama yalivyotoka, hata yale ambayo ningeyapunguza.

Hapana. Mardhiya, andika hapana kubwa. Mpe Maulana pole ya mama yake, mwambie nimemsomea Yasini, na kila Ijumaa nitamsomea, maana mama wa mtu ni mama wa mtu. Lakini wewe, mwana wee, una nini? Kuku huwezi kumchinja, unafumba macho, kuku anakimbia na shingo nusu, majirani wanacheka. Wewe ndiye wa kupigana na jeshi? Baba yako walikuja kumchukua watu wenye bunduki kule Unguja mwaka wa sabini na mbili, wewe umo tumboni, wakasema wanamuuliza maswali mawili matatu. Mpaka leo hayajesha. Mimi sikukuzaa ili nikae dirishani kusubiri mtu wa pili. Soma. Na siku ukichoka kusoma, rudi. Usione haya, hakuna atakayekuuliza. Chumba chako sijampa mtu.

Hayo ndiyo ya Mama. Amemaliza, na sasa analia, na anasema nisiandike kuwa analia.

Mardhiya


Rayners Lane
17 Oktoba 1996

Mama mdogo Mwanabaraka,

Salamu zifike Unguja, Malindi. Simu ya Jumatatu ilikatika, nami sikuwa na nguvu ya kupiga tena, kwa hiyo nakueleza.

Walimkata Mama mguu mwezi uliopita kwa ajili ya ile sukari, na kidonda hakikupona. Jumatatu asubuhi nilimpa uji, akala vijiko vitatu, akaniambia umepoa. Nilipokwenda kuupasha nikarudi, alikuwa ameshakwenda. Nilimuosha mimi na Bi Hayat wa Stanmore, na tulimzika Jumanne, mvua inanyesha. Watu walikuwa wengi, Mungu awalipe. Bharti alikaa nje ya mlango muda wote wa khitma, analia kama dada yake. Mama mdogo, ndugu yako hakuteseka mwishoni. Nakwambia ukweli.

Kuhusu Msabaha nimefanya kama ulivyoniagiza. Sijamwandikia. Najua desturi yetu, habari ya kifo haitiwi ndani ya bahasha ikaenda kumkuta mtu peke yake ugenini. Hutafutwa mtu wake, akaenda, akakaa naye, akamwambia polepole, akamshika. Nimeuliza wote, hakuna anayekwenda Karachi hivi karibuni. Jaffar, yule mwenye duka la mafuta mazuri Edgware Road, huenda kununua bidhaa, lakini amesema mwaka huu hendi. Nitasubiri. Nawe waambie wote huko wasimwandikie.

Niombee, Mama mdogo. Nyumba hii siijui tena.

Mwanao,
Mardhiya


Karachi
5 Novemba 1996

Mama yangu,

Mbona kimya? Tangu mwezi wa Agosti sijapata hata mstari. Jumapili nilikwenda kwenye duka la simu, nikakaa foleni saa mbili, nikampata Da Mardhiya, akaniambia umelala. Saa tisa mchana ya huko kwenu, Mama! Wewe ambaye hulali mchana hata ukiwa na homa. Au umekasirika nami?

Nakuuliza tena lile la mwaka jana, na safari hii nakuwekea mawili, uchague wewe. La kwanza, uniruhusu niende mpakani. Wale sita wa mwanzo wamekwenda, wawili wamekufa, wengine wamekwenda tena badala yao, na mimi nipo hapa nasomesha watoto alifu na be. Wenzangu hawasemi, lakini nikiingia wananyamaza. La pili, kama hilo hulitaki, basi niite nije London Idi hii, nikuone. Maulana ameshasema lolote utakaloniambia ndilo atakalolitekeleza, na hakuna mtu hapa atakayenicheka kwa kumtii mama yangu.

Nijibu wewe mwenyewe, Mama. Usimwachie Da Mardhiya atie maneno yake ya soksi.

Mwanao,
Msabaha


Rayners Lane
25 Novemba 1996

Ndugu yangu Msabaha,

Mama hajakasirika. Mguu unamsumbua, na dawa zinamlaza. Kanikalisha hapa nikuandikie majibu yako, haya ndiyo maneno yake.

Mpakani hapana. Nilikwambia hapana na bado ni hapana, Maulana akumbuke ahadi aliyoitoa jikoni kwangu.

Na London usije sasa. Baridi ni kali, na ukija katikati ya masomo hutorudi tena, utakuwa umeacha kazi nusu. Kaa hapo na Maulana, maliza ulichokifuata. Ukimaliza utakuja. Mimi nipo.

Hayo ndiyo ya Mama. Nami nakuongezea, usipige simu Jumapili, Jumamosi hupelekwa hospitali, na kesho yake hupumzika siku nzima. Nitakuandikia mimi kila mwezi.

Dada yako,
Mardhiya


Karachi
3 Machi 1997

Mama mpenzi, na Da Mardhiya,

Barua yenu imenikuta baada ya Idi. Nimefurahi na nimesikitika, yote mawili. Nilimpelekea Maulana nikamfasiria. Akanitazama, akauliza, "Mama yako amesema hivyo?" Nikasema ndiyo. Akataka nimsomee tena pale penye "mimi nipo". Kisha akasema, "Basi kaa, mtii mama yako," akainuka akatoka nje, na darasa la adhuhuri akamwachia mwalimu mwengine. Sijamwona akifanya hivyo kabla.

Kwa hiyo nimekaa. Mtu mmoja anayekuja London nampa asali ya milimani na habasoda, Mama utie katika maji ya vuguvugu asubuhi, ni nzuri kwa vidonda. Kila alfajiri nasali rakaa mbili kuomba mguu wako upone. Watoto ninaowasomesha nao wanakuombea, huwaambia mkimaliza sura hii semeni, Ee Mola mponye Bi Zahra wa London. Wanaitikia amin mpaka kuta zinatikisika.

Ombi moja tu, Da Mardhiya. Mrekodie Mama katika kaseti, hata akinitukana. Nimeanza kuisahau sauti yake.

Msabaha


Rayners Lane
10 Aprili 1997

Msabaha,

Asali imefika. Mama anashukuru sana. Kaseti hataki, unamjua, anasema yeye si redio.

Wasalimu watoto.

Mardhiya


Karachi
6 Septemba 1998

Kwa Bi Mardhiya, binti wa Bi Zahra,

Amani iwe juu yako. Mimi ni Ziaul Kabir. Anayeandika ni Sufian wa Mombasa. Mimi nasema kwa Kiarabu na Kiurdu, yeye anatia Kiswahili, na akikosea naomba umsamehe yeye kabla yangu.

Wiki mbili zilizopita alikuja mgeni, Jaffar, mfanyabiashara wa London, akiniletea sadaka ya mayatima. Msabaha alimkaribisha kwa furaha kubwa. Jaffar akamshika mkono akamwambia pole kwa mama, Mungu amrehemu, siku ile ya mazishi mvua ilitutesa. Alidhani habari ni ya zamani, na kwa kila mtu ilikuwa ya zamani. Watoto walikuwa wamekaa pale pale. Msabaha hakulia. Aliuliza tarehe. Jaffar akampa. Akahesabu kwa vidole, miezi ishirini na mbili, akaingia chumbani. Siku ya tatu yake aliondoka na vijana waliokuwa wakielekea mpakani kwetu. Hakuniomba, wala ahadi yangu haikuwepo tena, maana mama yako alisema maadamu yu hai.

Bi Mardhiya, kuna jambo zito zaidi la kukwambia. Nilikuwa najua. Mwanzoni mwa Novemba ile, imamu wa msikiti niliosalisha London aliniandikia kunipa pole ya mama aliyenilisha. Ilipokuja barua yako yenye maneno yake, nilijua maiti hasemi. Nikanyamaza. Nilijiambia nakuachia wewe, dada yake. Uwongo wangu. Nilinyamaza kwa sababu barua ile ilinipa njia ya kumzuia. Nimepeleka vijana arubaini na mmoja katika milima ile, nimewaosha kumi na wanne. Nilichoka, na sikuwa na ujasiri wa kusema mbele ya watu kuwa nimechoka. Mama yako aliyekufa alinisemea.

Na mimi, kuliko mtu yeyote, nilipaswa kujua. Miaka mitano nilimuombea mama yangu avuke mto salama, hali amekwisha kufa wiki ile ile niliyomwacha. Aliyeniambia alikuwa mpita njia. Najua yanavyokuwa moyoni, na bado nimemfanyia mtoto wa nyumbani kwenu mambo yale yale.

Kesho naondoka na Sufian kumfuata. Nikimpata nitamrudisha kwako, akitaka asitake.

Ziaul Kabir


Rayners Lane
21 Septemba 1998

Msabaha, ndugu yangu, kipenzi cha Mama,

Sijui barua hii itakufikia wapi. Natuma nakala tatu, Karachi, na posta za Chittagong na Cox's Bazar, miji ya Bangladesh ya karibu na mpaka huo, labda utapita.

Nipige, nitukane, usinisemeshe mpaka kufa kwangu, lakini rudi. Nilikudanganya. Mwanzo nilikuwa nasubiri mtu wa kukuambia, wallahi, kama tunavyofanya sote. Kisha ukaja kuniuliza mpakani. Nikaona kumbe maadamu Mama ni hai katika barua, wewe ni hai huko. Nikakaa pale mezani anapokaa yeye, nikaandika hapana yake. Ilikuwa rahisi, Msabaha, hapana yake naijua. Sikuweza kuacha tena. Kila mwezi nilikuwa nachemsha chai, nakaa, na kujiuliza leo Mama angesema nini. Mara nyengine nilikuwa nacheka peke yangu kwa maneno niliyomtilia. Nami nilikuwa sitaki afe, unafahamu? Nilikuwa na mahali pamoja tu ambapo hajafa.

Hakukuita mwishoni kwa sababu hakujua kama ndio mwisho. Alisema uji umepoa. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, nimekupa, sina jengine nililolificha.

Rudi.

Mardhiya


Rayners Lane
8 Machi 1999

Msabaha,

Zile tatu zimerudi, na hizi za Desemba zimerudi pia. Maulana hajibu. Madrasani wanasema hawajui. Natuma tena.

Mardhiya


Chittagong
14 Januari 2002

Kwa Bi Mardhiya,

Ni mimi, Ziaul Kabir, na mkono bado ni wa Sufian. Tumetoka gerezani siku sita zilizopita. Tulikamatwa Oktoba ya mwaka wa tisini na nane tukishuka milimani bila ya karatasi, na tumekaa humo miaka mitatu na miezi mitatu. Barua haikuruhusiwa kutoka. Sikwambii hivi ili unihurumie.

Kaa chini, binti yangu. Sina mtu wa kumtuma akushike, na sitokufanyia tena yale ya kusubiri mtu. Msabaha amefariki. Ni tarehe kumi na tano Oktoba 1998, Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri. Tulimkuta kambini juu ya kilima, amelala katika kibanda cha mianzi, ana malaria iliyokuwa imeshapanda kichwani mara moja na kushuka. Hakupiga risasi hata moja. Bunduki aliyopewa alikuwa amemrudishia mwenyewe. Tulikuwa naye siku sita. Siku ya pili alipata nafuu, akakaa, akaomba karatasi. Ndiyo barua hii. Aliniambia nishuke nayo posta nami nikasema tutashuka sote ukipona. Siku ya tatu homa ikarudi. Nilimuosha kwa mikono yangu, na Sufian alimsomea talakini kaburini.

Barua ilikaa katika mfuko wa vitu vyangu gerezani mpaka waliponirudishia. Sijaisoma. Sufian naye hajaisoma.

Wiki hii wamenijia vijana watatu, wanataka niwapeleke. Zamani ningewauliza barua za mama zao. Nimewaambia hapana mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu. Wameondoka wakinitukana. Ningelisema neno hilo miaka mingi kabla, lakini ndiyo kwanza nalisema.

Naomba msamaha wako. Ukikataa, ni haki yako.

Ziaul Kabir


Milimani
11 Oktoba 1998

Da Mardhiya,

Mwandiko umepinda, utavumilia. Niliapa sikuandikii tena. Nilipotoka Karachi nilikuwa na hasira, nilikuwa naongea na wewe njiani kama mwenda wazimu. Miezi ishirini na mbili nimemuombea Mama afya badala ya rehema. Nimempelekea asali, dada. Watoto wale wote wakiitikia amin, na yeye yuko chini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba mtu baki wa Edgware Road alikuwa anamuombea sawasawa, na mimi mwanawe nakosea.

Sasa hasira zimeisha. Homa hii imeniondolea nguvu ya kukasirika. Najua kwa nini ulifanya. Nimekusamehe, usije ukakaa nalo.

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile barua ya Novemba, niliyomuwekea Mama mawili achague, la mpakani nililitia kwa ajili ya wenzangu tu, maana walikuwa wakijua naandika. Niliogopa, Mardhiya. Wale wawili waliokufa mmoja alikuwa analala jirani yangu. Nilikuwa nataka kurudi nyumbani, na sikuwa na uso wa kuondoka mwenyewe. Nikasema Mama ataniita. Ataandika mara moja, rudi, kama alivyoandika mwaka ule, nami nitawaonesha, nitafunga mkoba. Nilikuwa nimeshaufunga. Ilipokuja "kaa hapo, maliza" nilishangaa sana. Nikasema labda Mama amechoka na mimi. Nikaufungua mkoba.

Basi. Maulana amekuja kunichukua, maskini, amekuja kwa miguu na yeye mgonjwa wa kifua. Nikishuka huku nitapanda ndege. Usiwaambie watu siku ninayofika, sitaki kupokewa na kundi. Njoo wewe na Musab tu. Kaburi la Mama utanipeleka siku ile ile, kabla ya nyumbani.

Ndugu yako,
Msabaha


Rayners Lane
19 Februari 2002

Maulana,

Barua yako imenifikia tarehe nne. Hukukosea kuniandikia wazi. Niliisoma nimekaa, kama ulivyosema. Ya Msabaha nimeifungua baada ya siku tatu.

Watu wamekuja, khitma imesomwa, ya kwake na ya mama yako pia, kwa sababu Mama alikuwa akimsomea kila Ijumaa mpaka Ijumaa yake ya mwisho, na tangu hapo hapana aliyemsomea. Jaffar alikuja akalia mlangoni, anasema yeye ndiye aliyemuua. Nimemwambia akome, aingie ndani, ale. Msabaha hakusema neno baya juu yake wala juu yako. Nilikuwa nakuchukia, Maulana, miaka hii yote sikufichi, nilikuwa nikiosha vyombo nikikugombeza. Sasa nakusamehe. Nakuandikia ili uwe na msamaha huu kwa maandishi, nami sitourudisha.

Lakini umesema hukuisoma barua yake, na kwa hiyo hujui alichoandika, na mtu mwengine wa kumwambia sina. Musab ana miaka kumi na tano, hawezi kubeba jambo hili. Mama mdogo Mwanabaraka ni mzee, litamuua. Nakwambia wewe kwa kuwa sote wawili tulijua na sote tukanyamaza.

Wewe unadhani tulimzuia asiende huko milimani, na tukashindwa. Hata mimi nilidhani hivyo. Siku ile alipoandika, alimpa Mama mawili achague. Mpakani, au London. Mimi nikajibu yote mawili hapana. Nisingeweza kumwita, angekuja akakuta Mama hayupo, na uwongo ungeanguka, na ahadi yako ingeanguka, na ningempoteza. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu zangu, peke yangu hapa mezani.

Mkoba alikuwa ameshaufunga, Maulana. Alikuwa anataka kuja nyumbani, na mimi ndiye niliyemwambia asije.

Mardhiya